Maneno Yaliyobaki TENEX

Karibu na mwisho wa mwongozo wa tcsh, ule unaokuja pamoja na programu yenyewe, ukishapita kurasa nyingi za vigeu, vitufe na alama za nukuu, kuna kipande kifupi kinachoeleza herufi T ya kwenye jina imetoka wapi. Kinaanzia mwaka 1964, kampuni ya DEC ya Marekani ilipotoa kompyuta iitwayo PDP-6. Kinapita kwenye PDP-10, kinaingia kwenye mfumo endeshi ulioitwa TENEX, kinatania kidogo kuhusu mifumo isiyoelewana ambayo kampuni hiyo ilijikuta ikiihudumia, kisha kinafika kwa mtu aliyetengeneza tcsh: alivutiwa na mambo aliyoyaona kwenye TENEX, akayaiga. Baada ya hapo mwongozo unarudi kwenye orodha zake kana kwamba hakuna kilichosimuliwa.

Miongozo ya rejea haina desturi ya kusimulia. Mtu huifungua kama anavyofungua kamusi: ana neno moja, anataka maana yake, anaondoka. Nimekaa na miongozo ya aina hii mwaka mzima sasa, kwa sababu tasnifu yangu ya uzamili inahusu historia yake, na kati ya yote niliyosoma sijakutana na kipande kingine kama hicho cha T. Nadhani pia ni cha lazima. Bila kujua kilichokuwapo TENEX ni vigumu kuelewa kwa nini jambo dogo kama kubonyeza kitufe cha Tab limekuja kuwa na baadhi ya maelezo magumu kuliko yote yaliyomo ndani ya kompyuta yako.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukaa mbele ya lile dirisha jeusi: humo unaandika amri badala ya kubofya picha. Programu inayopokea amri hizo Waingereza wanaiita kwa neno la gamba au ganda, nami nitaiita sheli, nikijua fika kwamba kwa Mtanzania wa kawaida sheli ni mahali bodaboda anapojaza mafuta. Kampuni ya mafuta imetuwahi, hatuna la kufanya. Ukiandika herufi chache za mwanzo wa jina la faili kisha ukabonyeza Tab, sheli inakumalizia. Majina yakiwa mengi yanayoanza kwa kufanana, inakusogeza hadi pale yanapoachana, na ukibonyeza tena inakuorodheshea yote. Huo ndio ukamilishaji. Anayeuzoea huwa hawezi tena kuishi bila huo, na mara nyingi hawezi kueleza unafanyaje kazi.

TENEX ilitengenezwa na kampuni ya Bolt, Beranek and Newman, mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts, miaka ya 1960 ikielekea kwisha na ya 1970 ikianza. Mwaka 1972 Daniel Bobrow, Jerry Burchfiel, Daniel Murphy na Raymond Tomlinson waliueleza mfumo huo kwenye jarida la Communications of the ACM. Tomlinson ndiye yule yule aliyechagua alama ya @ kwa ajili ya barua pepe mwaka 1971, na barua hizo za mwanzo zilitumwa kati ya mashine zilizokuwa zikiendesha TENEX. Wakati ule kompyuta moja iligawanwa na watu wengi, kila mmoja kwenye mashine yake ya kuandikia, na amri za TENEX zilikuwa maneno kamili ya Kiingereza, yanayosomeka.

Neno kamili linachosha kuandika mara mia kwa siku. Kwa hiyo wakaweka njia: andika mwanzo wake, bonyeza Esc, mashine itamalizia. Ila haikuishia hapo. Kwenye TOPS-20, mfumo ambao DEC iliutoa mwaka 1976 kwa kuichukua TENEX na kuiendeleza, ukiandika COP ukabonyeza Esc, mashine ilikamilisha COPY kisha ikaongeza yenyewe neno FROM ndani ya mabano, yaani: sasa niambie unanakili kutoka wapi. Ukitaja faili na kubonyeza tena, ikaja TO: haya, kwenda wapi? Maneno hayo ya mabano hayakuwa sehemu ya amri. Yaliwekwa yamwongoze mtu. Na kama ulikwama kabisa, uliandika alama ya kuuliza, popote ulipokuwa, mashine ikakutajia kinachoweza kufuata mahali hapo, kisha ikakuandikia upya ulichokuwa umeshaandika ili uendelee.

Kuanzia toleo la 3 la TOPS-20 kazi hiyo ikahamishiwa kwenye kiini cha mfumo, ikawa huduma ambayo programu yoyote ingeweza kuiomba. Mimi naliona hili kuwa jambo kubwa kuliko Esc yenyewe. Mwandishi wa programu aliyeitumia huduma hiyo kusoma amri alipaswa kuuambia mfumo nini kinatarajiwa hapa: neno kutoka orodha fulani, au jina la faili, au namba. Maelezo hayo hayo ndiyo yaliyotumika kukagua alichoandika mtumiaji, kumkamilishia, na kumjibu akiuliza. Mwongozo na programu vilikuwa kitu kimoja, na mtu aliusoma pale pale kwenye mstari aliokuwa akiuandika.

Sasa twende New Jersey, miaka hiyo hiyo. Ken Thompson na Dennis Ritchie, pale Bell Labs, walikuwa wakijenga Unix mbele ya mashine za kuandikia za Teletype namba 33, ambazo zilichapa herufi 10 kwa sekunde kwenye karatasi na zilikuwa na vitufe vizito. Wao suluhisho lao la uchovu wa vidole lilikuwa jingine kabisa: fupisha jina lenyewe. Kunakili ni cp. Kuhamisha ni mv. Kufuta ni rm. Kuorodhesha ni ls. Mashine hairudishi neno isipokuwa kuna tatizo. Na maelezo? Maelezo yakaenda kwenye kitabu. Toleo la kwanza la mwongozo wa Unix lina tarehe ya 3 Novemba 1971, na tayari ndani yake kuna umbo ambalo linatumika hadi leo: jina la amri, jinsi inavyoandikwa, maelezo, mafaili inayoyagusa, amri za kuangalia pia, na sehemu ya kasoro zinazojulikana. Hiyo sehemu ya kasoro naipenda sana. Ni watengenezaji wachache wa bidhaa yoyote, iwe pasi au pikipiki, wanaokuchapia kwenye mwongozo kwamba kitu chao kina matatizo haya na haya.

Kwa hiyo kulikuwa na nyumba mbili. Kwenye moja jina ni refu na mashine inakushika mkono. Kwenye nyingine jina ni fupi, mashine imenyamaza, na kila kitu unachohitaji kujua kipo rafuni, mradi ujue cha kutafuta. Si haki kusema ya pili ilikuwa mbaya. Unix ndiyo iliyoshinda, na mwongozo wake ulikuwa mmoja wa sababu: ulikuwa mfupi, wa kweli, na uliandikwa na watu walewale walioandika programu. Lakini ushindi huo uliamua pia ni maelezo ya aina gani tungerithi.

Aliyebeba kitu kutoka nyumba ya kwanza kwenda ya pili ni Ken Greer, wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Alianza kuandika ukamilishaji wa majina ya mafaili kwa mtindo wa TENEX mwaka 1975, akauunganisha na sheli ya Bill Joy wa Berkeley, iitwayo csh, mwaka 1981, na Oktoba 1983 akauweka msimbo wake hadharani kwenye Usenet. Ndiyo tcsh. Ndiyo ile T.

Kilichovuka, hata hivyo, ni nusu. Majina ya mafaili yalikamilika, na baadaye majina ya amri. Lakini amri za Unix zilikuwa programu mamia, kila moja ikisoma maneno yake kwa namna yake, hakuna hata moja iliyouambia mfumo inatarajia nini. Sheli haikuwa na pa kuulizia. Kwa hiyo ile FROM na ile TO, na lile jibu la alama ya kuuliza, vilibaki upande wa pili. Tulipata kasi ya vidole. Mwongozo wa kwenye mstari haukuvuka.

Ukisoma historia ya sheli zilizofuata ukiwa na hilo kichwani, inaonekana kama juhudi ya miaka arobaini ya kurudisha ile nusu nyingine. Brian Fox alitoa bash mwaka 1989 kwa ajili ya mradi wa GNU, ikiwa na maktaba ya Readline, na hapo Tab ikawa kitufe cha wengi. Paul Falstad, mwanafunzi wa Princeton, akatoa zsh mwaka 1990, akaipa jina kutokana na jina la kuingilia la Zhong Shao, aliyekuwa msaidizi wa kufundisha pale. Mwaka 2000 bash toleo la 2.04, ikiwa tayari mikononi mwa Chet Ramey wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve huko Ohio, ikaleta ukamilishaji unaoweza kufundishwa: sasa mtu yeyote angeweza kuiambia sheli kwamba baada ya amri fulani, maneno yanayofaa ni haya. Ian Macdonald akaanza kukusanya mafundisho hayo kwa amri nyingi pamoja, mkusanyo unaojulikana kama bash-completion.

Jambo lenyewe likiwa dogo ni rahisi kweli. Tuseme una programu ya dukani iitwayo duka, na inaelewa maneno matatu. Unaandika:

complete -W "fungua hesabu funga" duka

Basi. Ukiandika duka h ukabonyeza Tab, inakuja hesabu. Ukiandika f, inakusogeza hadi fung, kwa sababu fungua na funga zinaachana hapo, halafu inasubiri uchague.

Ugumu unaanza unapotaka zaidi ya orodha isiyobadilika, na hapa ndipo inabidi niuzungumzie mwongozo wa bash wenyewe, sehemu yake ya ukamilishaji unaofundishwa. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma shairi lolote. Inaanza kwa kueleza sheli inavyotambua jina la amri, inavyotafuta kama kuna maelekezo yaliyosajiliwa kwa jina hilo, inavyofanya kama jina lina njia kamili ya folda, na inavyoangukia kwenye maelekezo ya jumla kama hakuna. Kisha inasema yapi yanafanywa kwanza: vitendo vilivyojengwa ndani, halafu ruwaza za mafaili, halafu orodha ya maneno, halafu funksheni au amri ya nje, halafu kichujio, halafu viambishi vya mbele na nyuma. Kila sentensi ni ya kweli. Nimezijaribu moja moja.

Lakini huo ni mpangilio wa mashine. Ni safari ya msimbo kutoka mstari wake wa kwanza hadi wa mwisho, siyo safari ya mtu aliyekaa akitaka programu yake ya duka imkamilishie tarehe. Mtu huyo anahitaji kujua kwanza kwamba atapaswa kuandika funksheni. Kwamba funksheni hiyo itaitwa kila akibonyeza Tab. Kwamba itapewa vitu vitatu, yaani jina la amri, neno linalokamilishwa, na neno lililotangulia. Na kwamba majibu yake atayaweka kwenye safu iitwayo COMPREPLY. Yote yamo. Yamo katikati ya aya, baada ya mambo mengi ambayo hatayahitaji mwaka huu wala ujao.

Na kuna ukimya mmoja unaostahili kutajwa. Kwenye aya ya orodha ya maneno, ile -W, mwongozo unaeleza kwamba maneno yatalinganishwa na ulichokwisha kuandika na yasiyofanana yataachwa. Kwenye aya ya funksheni, ile -F, katika toleo nililo nalo, unasema funksheni iweke majibu kwenye safu, na unasonga mbele. Hausemi kwamba kuchuja sasa ni kazi yako. Usipochuja, mtumiaji ameandika h na bado anaonyeshwa fungua na funga. Funksheni sahihi ni hii:

_duka() { COMPREPLY=( $(compgen -W "fungua hesabu funga" -- "$2") ); }
complete -F _duka duka

Hiyo "$2" ya mwisho ndiyo inayochuja. Anayejua, anaona ni dhahiri. Anayesoma mwongozo ili ajue, hana pa kulijulia.

Mwaka jana niliona jambo hili likimpata mtu. Dada mmoja tunayesoma naye, yeye yuko upande wa takwimu za afya, alikuwa na programu aliyoiandika kwa ajili ya kikundi chao cha utafiti, na alitaka wenzake wasilazimike kukariri majina ya vituo. Tulikuwa maabara jioni, mtandao umekata, na bando lake lilikuwa limeisha tangu mchana. Kilichobaki ni mwongozo uliomo ndani ya mashine. Akausoma kwa nusu saa, kimya, akipandisha na kushusha. Mwishoni akaniuliza, "Kaka, hivi huyu aliyeandika alikuwa anamwandikia nani?"

Swali hilo limeingia kwenye tasnifu yangu, kwa idhini yake. Mimi jibu langu ni kwamba aliandikiwa mtu ambaye tayari ameshaona mfano mahali pengine. Na watu wengi tuliojifunza ukamilishaji tumejifunza hivyo hasa: kwa kufungua faili la mtu mwingine na kuiga. Faili la ukamilishaji wa Git, ambalo Shawn Pearce alilianza mwaka 2006, limefundisha watu wengi kwa njia hiyo; juu yake kuna maelezo ya mistari michache ya jinsi ya kuliweka, na chini yake kuna msimbo unaofanya kazi. Kuiga si aibu. Fundi cherehani naye hujifunza hivyo, kwa kukaa pembeni ya fundi. Ila kuiga kunahitaji uwe na cha kuiga, yaani mtandao, au fundi. Jioni ile pale maabara hapakuwa na kimojawapo.

Wapo wanaosema miongozo ya ndani ya mashine imepitwa na wakati kwa kuwa kila kitu kinapatikana mtandaoni. Sikubaliani nao, na si kwa sababu ya bando tu. Mwongozo wa ndani unaeleza toleo lililomo ndani. Kompyuta za Apple zimebaki na bash toleo la 3.2 kwa miaka mingi, kwa kuwa matoleo yaliyofuata yalikuja na leseni ambayo kampuni hiyo haikuitaka, na mwaka 2019 ikahamia zsh kama sheli yake ya kawaida. Amri ya compopt haimo kwenye 3.2, ilikuja na 4.0 mwaka 2009. Somo la mtandaoni litakufundisha compopt kwa moyo mweupe kabisa, na kwenye mashine hiyo halitafanya kazi. Mwongozo uliomo ndani haukuahidi kitu ambacho mashine yenyewe haina.

Haki itendeke pia: mwongozo mrefu wa bash, ule wa mtindo wa Texinfo ambao mradi wa GNU umeupendelea, una sehemu nzima ya mfano wa ukamilishaji, funksheni ya cd iliyoelezwa kipande kwa kipande. Ni nzuri. Lakini mfano huo haumo kwenye ukurasa mfupi unaofunguliwa kwa amri ya man, na huo mfupi ndio ambao wanafunzi wanaujua. Miongozo miwili ya kitu kimoja, na kinachohitajika na anayeanza kimewekwa kwenye ule ambao anayeanza hajui kuwa upo.

Zsh ilichukua njia nyingine. Mfumo wake mpya wa ukamilishaji, uliosukwa kwa sehemu kubwa na Sven Wischnowsky na kufika kwa watu wengi na toleo la 4.0 mwaka 2001, unakuwezesha kuandika maelezo pembeni ya kila chaguo, ndani ya mabano ya mraba: '--leo[onyesha mauzo ya leo tu]'. Mtumiaji akibonyeza Tab anaona chaguo pamoja na maelezo yake. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilikumbuka yale mabano ya TOPS-20. Maneno yalikuwa yamevuka hatimaye, yamechelewa miaka ishirini na kitu. Gharama yake ni kwamba mwongozo wa zsh umegawanywa kurasa nyingi, na ukamilishaji peke yake una tatu: wa mfumo wa zamani, wa vipande vya chini, na wa mfumo mpya. Maelezo ya funksheni moja tu, iitwayo _arguments, yanatosha kumchosha mtu alasiri nzima. Peter Stephenson aliona tatizo akaandika kando mwongozo wa mtumiaji wenye sauti ya mtu anayezungumza nawe, na sura yake ya ukamilishaji ndiyo ninayowapa watu wanaoniuliza.

Na fish, iliyoanzishwa na Axel Liljencrantz mwaka 2005, imefanya kitu ambacho mimi kama mwanafunzi wa historia ya miongozo sikukitarajia. Ina amri, fish_update_completions, inayosoma kurasa za man zilizomo kwenye mashine yako na kutengeneza ukamilishaji kutokana nazo. Inatafuta machaguo, inachukua sentensi ya maelezo, inaiweka pembeni. Kwa kuwa waandishi wa kurasa hizo wana mitindo tofauti, programu hiyo imelazimika kuwa na wachambuzi kadhaa, kila mmoja kwa mtindo wake. Ukurasa ulioandikwa ovyo haupati kitu. Yaani rafu la Unix limeanza kusomwa na mashine ili maneno yake yarudi kwenye mstari, na uandishi mbaya, ambao zamani ulimwadhibu msomaji mvumilivu peke yake, sasa unaonekana kama pengo mbele ya kila anayebonyeza Tab.

Niingize jambo moja la kwetu, kwa kuwa nimelifikiria sana. Ukamilishaji wa kawaida huangalia mwanzo wa neno, na Kiswahili hujaza mwanzo wa neno viambishi. Amri zenyewe hazina shida: kitenzi cha kuamuru huja kimevuliwa, nakili, hamisha, futa, na kila kimoja kina herufi yake. Majina ndiyo mtihani. Folda ya mahesabu yenye mapato, matumizi, mauzo, malipo na madeni inakupa herufi mbili za kwanza ambazo hazikusaidii lolote. Watunga kamusi walikutana na hili mapema. Frederick Johnson, kwenye kamusi yake ya mwaka 1939, alikusanya vinyambuliko chini ya mzizi, ili anayetafuta aanzie kwenye kiini cha neno. Fish hukubali kulinganisha hata katikati ya neno, na zsh hukubali ikielekezwa. Kwa hiyo dawa ipo, ila unapaswa kujua kuwa ipo, na njia ya kujua ni mwongozo.

Daniele Procida anagawa nyaraka za programu katika aina nne: somo la kuanzia, maelekezo ya kazi fulani, rejea, na maelezo ya kwa nini. Mgawanyo huo unasaidia, lakini umewapa baadhi ya waandishi kisingizio: hii ni rejea, basi mifano si kazi yake. Mimi naona rejea ya ukamilishaji haiwezi kujitenga hivyo, kwa kuwa kitu inachokieleza ni mazungumzo. Huwezi kuyaeleza mazungumzo kwa kuorodhesha maneno yaliyomo. Unahitaji kuonyesha nani anamwita nani, lini, akiwa na nini mkononi, na anarudi na nini. Chukua namba 124. Mwongozo wa bash unasema funksheni ikirudisha 124, sheli inaanza upya kutafuta maelekezo. Hapo hapo unatoa na mfano wa funksheni inayopakia maelekezo pale tu yanapohitajika. Namba hiyo ndiyo inayoiwezesha bash-completion kupakia mafundisho ya amri pale tu amri hiyo inapoguswa, badala ya kuyapakia yote kila unapofungua dirisha. Ukimwambia msomaji hivyo, kwa maneno hayo tu, namba inaacha kuwa namba.

Kwa hiyo nimeanza kuandika, kwa Kiswahili, ukurasa wangu wa rejea wa ukamilishaji wa bash. Si tafsiri ya ule uliopo. Nimeupanga kwa kufuata kitendo: kidole kinabonyeza Tab, kisha nini. Orodha ya -W inakuja kwanza na programu ya duka. Funksheni inafuata, na sentensi ya kuchuja nimeiweka mahali ambapo mtu ataikosa akitaka tu. Viambishi vya mbele na nyuma viko mwisho. Kasoro nimezipa sehemu yake, kama walivyofanya mwaka 1971, na ya kwanza ni kwamba nukta mbili na alama ya sawasawa hulikata neno vipande, jambo linalowashangaza wote wenye tarehe na saa kwenye machaguo yao.

Rasimu ya kwanza nilimpa yule dada wa takwimu. Alikaa nayo kwenye kompyuta yake, mtandao amezima kwa makusudi, na baada ya kama dakika kumi orodha ya vituo vyake ikawa inakamilika. Karatasi ilirudi na alama mbili za kalamu nyekundu. Ya kwanza ilikuwa kosa la tahajia. Ya pili ilikuwa pembeni ya mahali nilipotaja vile vitu vitatu ambavyo funksheni hupewa: "Na hicho cha tatu nikitumie lini?" Nimeongeza mfano chini yake: mtu akiwa ameandika --kituo, cha tatu ndicho kinachokuambia umletee majina ya vituo, usimletee tarehe.